Indiketa za Kulia Hazipepesi, na Fundi Ataka Kung'oa Wayaringi Nzima

SWALI

Assalaam aleikum, Mzee Fundi.

Mimi ni karani katika ghala moja la Shimanzi, Mombasa, na ninaishi Likoni, kwa hiyo kila asubuhi navuka kwa feri na kila jioni narudi kwa feri. Pikipiki ninayoitumia ni Honda CG125 ya zamani niliyoachiwa na ami yangu, Mungu amrehemu, ambaye aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Injini haijanisumbua hata siku moja. Tatizo langu ni indiketa.

Baada ya zile mvua za mwezi wa Mei, upande wa kulia ulianza ukaidi. Nikisukuma swichi kulia, taa ya mbele inawaka lakini haipepesi. Inakaa tuli kama taa ya chumbani, na ile ya nyuma haiwaki kabisa. Nikisukuma kushoto, zote mbili hupepesa na flasha, kile kidude kinachokata na kuunganisha umeme ili taa zipepese, husikika ikigonga, ingawa jioni nikiwa kwenye foleni ya feri, injini ikinguruma polepole, hata hizo za kushoto hulegea, hupepesa kwa uvivu, na mara nyingine husimama mpaka niongeze mafuta kidogo.

Fundi wangu, ambaye ni jirani yetu na rika la marehemu ami, aliniambia kwamba flasha imekufa. Nikanunua mpya, hali haikubadilika. Nikanunua ya pili katika duka jingine, hali ikawa ile ile. Kisha kijana mmoja wa dukani akanishauri niweke balbu za LED pamoja na flasha yake maalumu. Tuliziweka mchana, na mambo yakawa kichekesho: nilipowasha kushoto, taa mbili za kushoto na ile ya kulia mbele zilipepesa kwa pamoja, na ya kulia nyuma ikabaki giza vilevile. Tukazitoa zote, tukarudisha balbu za kawaida na flasha ya zamani.

Sasa fundi anasema kwamba wayaringi, yaani nyaya zote za umeme, imezeeka, ing'olewe yote na kuwekwa nyingine, kwa shilingi 8,500 pamoja na kazi. Betri haina tatizo, kwa sababu taa kubwa ya mbele inawaka vizuri, tena nikiongeza mafuta inang'aa mpaka wenye magari wananilalamikia. Pengine nitaje pia kwamba taa nyekundu ya nyuma imefifia usiku, jambo ambalo fundi anasema ni balbu kuchoka, na kwamba nikikanyaga breki bila kuwasha indiketa yoyote, indiketa zote mbili za kulia hutoa mwanga hafifu, kana kwamba zilitaka kuwaka zikaona haya. Mwaka jana niliteleza Mtongwe nikavunja indiketa ya nyuma ya kushoto, nikawekewa nyingine yenye shina la chuma, na hiyo haijapata kunisumbua.

Je, nitoe hizo pesa? Na kama si lazima, nimwambieje mzee huyu, ambaye ni kama baba kwangu, bila ya kumvunjia heshima?

Mvukaji wa kila siku, Likoni

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Usitoe hizo pesa, angalau si sasa. Lakini kabla hatujafika huko, nakuomba usiiendeshe pikipiki hiyo usiku mpaka ufanye jaribio nitakalokueleza, kwa kuwa umeniandikia habari ya indiketa ilhali mimi nimeona katika barua yako ubovu mkubwa zaidi: nina hakika karibu kamili kwamba taa yako ya breki haiwaki inavyopaswa. Hukusema hivyo, na pengine hujui, maana mwendeshaji haoni mgongo wake mwenyewe. Ila umesema kwamba ukikanyaga breki, indiketa za kulia hutoa mwanga hafifu, na jambo hilo kwa kawaida hutokea pale umeme wa breki unapokosa njia yake ya kurudi ukaanza kutafuta ya uchochoro. Maana yake ni kwamba lori linalokufuata kutoka Shimanzi halijui kuwa umesimama.

Nieleze kwa utaratibu, kwa sababu barua yako ina dalili zote zinazohitajika na ni nadra mimi kuletewa barua kamili namna hii.

Umeme wa pikipiki ni kama feri yako: ni lazima uende na ni lazima urudi. Hutoka kwenye kichwa chanya cha betri, ukapita kwenye fyuzi, kwenye swichi ya ufunguo, kwenye flasha, kwenye swichi ya usukanini, ukaingia kwenye balbu, na ukishafanya kazi yake hapo hurudi kwenye kichwa hasi kwa kupitia waya wa ardhi au chuma cha fremu. Watu wengi hukagua safari ya kwenda peke yake. Hununua flasha, hubadilisha balbu, huisafisha swichi, na wasipate kitu, kwa sababu gati lililofungwa ni la upande wa kurudia. Nisikucheke, maana mimi mwenyewe, katika ujana wangu wa kufungua kila kitu kinachofunguka, nilimaliza flasha mbili juu ya pikipiki moja kabla sijagundua kwamba bolti iliyokuwa imeshika waya wa ardhi ilikuwa imeoza ndani ya rangi mpya niliyoipaka mwenyewe.

Sasa tuzichukue dalili zako. Flasha katika pikipiki yako ni moja kwa pande zote mbili. Ikiwa kushoto hupepesa, basi flasha ni nzima, fyuzi ni nzima, na waya unaoleta umeme kutoka kwenye ufunguo ni mzima. Hapakuwa na haja ya kununua hata flasha ya kwanza. Taa ya kulia mbele inapowaka, hata kama haipepesi, inatuambia kwamba swichi ya usukanini inafikisha umeme upande wa kulia. Ile balbu ya LED uliyoiweka kulia nyuma, mpya kutoka dukani, nayo ilibaki giza, kwa hiyo kosa si la balbu. Yamebaki mawili tu: ama waya unaopeleka umeme kwenye taa ya kulia nyuma umekatika, ama waya unaourudisha umekatika.

Hapo ndipo ile sentensi yako ya breki inapokata shauri. Katika pikipiki nyingi za aina hii, taa nyekundu ya nyuma, taa ya breki na indiketa za nyuma hukutana kwenye waya mmoja wa ardhi ulio chini ya madigadi. Waya huo ukikatika, kisha ukakanyaga breki, umeme huingia kwenye balbu ya breki, hukuta mlango wa kurudia umefungwa, hugeuka na kuingia kwenye indiketa ya kulia nyuma kwa mlango wa nyuma, hupanda mpaka mbele kwa kutumia waya wa indiketa, huingia kwenye indiketa ya kulia mbele, na hatimaye huipata ardhi kule kwenye fremu ya mbele. Balbu tatu zimegawana volti zilizokusudiwa kuliwa na balbu moja, kwa hiyo zote huona haya, kama ulivyoandika. Kama waya wa kupeleka umeme ndio ungekuwa umekatika, njia hiyo isingekuwapo na usingeuona mwanga huo kabisa. Ndiyo sababu hiyo hiyo taa nyekundu ya nyuma imefifia usiku: nayo inarudi kwa uchochoro. Balbu yake haijachoka.

Utauliza, mbona kushoto nyuma kumesalimika ikiwa waya ni wa pamoja? Kuanguka kwako Mtongwe kulikusaidia. Taa ile mpya yenye shina la chuma inajipatia ardhi yake kupitia shina lenyewe na bolti iliyofungwa kwenye chuma cha pikipiki, kwa hiyo haiuhitaji tena ule waya wa zamani.

Kuhusu kutopepesa kwa taa ya mbele, hilo si ubovu bali ni tabia ya flasha za zamani. Ndani yake mna kibamba cha metali mbili ambacho hupashwa joto na mkondo wa umeme unaokwenda kwenye balbu, kikajikunja, kikakata umeme, kikapoa, kikaunganisha tena, na ndiyo ile sauti ya kugonga unayoisikia. Kibamba hicho kimepimwa kwa mkondo wa balbu mbili. Balbu mbili za wati 10 katika pikipiki ya volti 12 huvuta takriban ampea 1.7, ukiondoa moja, mkondo unakuwa nusu, joto halitoshi, na kibamba hakijikunji. Kwa flasha za elektroniki mambo ni tofauti, kwani nyingi huongeza kasi pale balbu moja inapokufa. Mwendo ulio sawa ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na ukitaka kuuhesabu, tumia saa yako kwa sekunde 30 kisha uzidishe kwa mbili.

Basi fanya jaribio hili mchana, pikipiki ikiwa imesimama kwa stendi kubwa mahali pakavu. Tafuta waya wa urefu wa mita moja na nusu, uchune ncha zote mbili. Fungua kifuniko cha ubavuni panapokaa betri na uishikize ncha moja kwenye kichwa hasi. Kisha fungua skurubu za kioo chekundu cha nyuma na uigusishe ncha ya pili kwenye chuma cha soketi inayoshika balbu, huku mtu mwingine akiwa ameweka ufunguo na kukanyaga breki. Hakikisha ni kichwa hasi, kwa sababu ukikosea ukashika chanya, waya huo utawaka mkononi mwako kabla ya fyuzi kujua habari. Nikiwa nimeisoma barua yako sawasawa, utaona taa ya breki ikiwaka nyekundu ya kukata jicho na zile indiketa za kulia zikizima mwanga wao wa haya. Mwambie mwenzako aachie breki na kusukuma swichi kulia: ya nyuma itawaka, na ya mbele itaanza kupepesa bila ya kuguswa. Usiku nayo taa nyekundu itarudisha nguvu zake. Jaribio zima ni la dakika chache na gharama yake ni ule waya.

Ikitokea kwamba breki imepona lakini indiketa ya nyuma bado ni giza, hamisha ncha ya waya uiguse kwenye chuma cha indiketa yenyewe. Ikiwaka hapo, basi kuna mkatiko mdogo kati ya indiketa na ule waya wa pamoja. Isipowaka hata hapo, chukua testa ya balbu uone kama umeme unafika kwenye kitako cha soketi, kwani huenda yapo makosa mawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo katika pikipiki yenye umri kama wa kwako si ajabu.

Sasa matengenezo. Honda hutumia rangi ambazo ni vizuri uzijue kwa moyo: kijani ni ardhi, rangi ya machungwa ni indiketa za kushoto, samawati nyepesi ni za kulia, nyeusi ni umeme unaotoka kwenye ufunguo, na kijivu ni unaotoka kwenye flasha kwenda kwenye swichi. Nasisitiza kwamba hizi ni za Honda, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoigiza Honda hufuata mtindo huo, lakini Yamaha ni kinyume chake kabisa: huko nyeusi ndiyo ardhi, na kijani iliyokoza ni indiketa za kulia. Nimewahi kuona fundi hodari, aliyekulia mikononi mwa Yamaha, akiuunga waya mweusi wa Honda kwenye fremu kwa imani safi kabisa, na kuunguza fyuzi tatu mfululizo huku akizilaumu fyuzi. Kwa hiyo mtu yeyote atakayegusa nyaya zako, muulize kwanza amezoea pikipiki gani.

Ufuate waya wa kijani kutoka kwenye taa ya nyuma kuelekea mbele. Mahali pa kwanza pa kutilia shaka ni pale waya unapopita kati ya madigadi na kiti, hasa kama umefunga keria, kwa kuwa hapo husagwa kila unaporuka tuta. Mahali pa pili ni vile viunganishi vidogo vya mviringo vilivyo chini ya kiti: vichomoe kimoja kimoja, na ukikuta ndani mna unga wa kijani au mweupe, hiyo ni kutu ya shaba. Pwani yetu haina huruma na shaba. Hewa ya chumvi huingia hata kwenye pikipiki inayolala ndani, na wewe unavuka mlango wa Kilindini mara mbili kwa siku, tena katika miezi ya kusi ambapo upepo huja moja kwa moja kutoka baharini. Mahali pa tatu ni pale waya unapofungwa kwa bolti kwenye fremu. Fungua bolti hiyo, sugua chuma kwa msasa mpaka king'ae, kwaruza na kile kijishikio cha waya pande zote mbili, kaza vizuri, kisha paka vaselini juu yake baada ya kukaza. Msasa bila ya vaselini ni kazi ya miezi michache tu hapa kwetu.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini, ningefanya yote hayo, halafu ningeongeza waya mpya wa ardhi unaotoka kwenye taa ya nyuma mpaka kichwa hasi cha betri, wa unene wa milimita moja ya mraba, wenye nyuzi nyingi nyembamba, si ule wa uzi mmoja mgumu wa kufungia taa za nyumba, ambao hukatika kwa mtikisiko. Miungo yake ilehemiwe kwa risasi au ibanwe kwa vishikio vya kubana, na ifunikwe na mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu nyeusi peke yake, katika joto la Mombasa, huyeyuka gundi yake ikawa asali na kujifungua yenyewe. Wayaringi iliyobaki iache kama ilivyo, isipokuwa mpira wa nyaya uwe unapasuka na kumomonyoka ukiukunja kwa vidole. Hapo ndipo maneno ya fundi wako yangekuwa na uzito, na hata hapo ningeanza na kipande cha nyuma peke yake.

Betri ni kesi ya pili, na hapa nakupinga moja kwa moja. Umesema betri ni nzima kwa sababu taa kubwa inawaka na hung'aa ukiongeza mafuta. Katika pikipiki nyingi ndogo za zamani, taa kubwa hailishwi na betri hata kidogo. Hulishwa moja kwa moja na koili zilizo kwenye injini, na ndiyo maana mwanga wake hupanda na kushuka pamoja na mafuta. Zima injini, weka ufunguo, washa taa: ikibaki giza, umepata jibu lako. Betri kwako inafanya kazi ya honi, indiketa na breki, na ushahidi wa hali yake si taa kubwa bali ni zile indiketa za kushoto zinazosinzia kwenye foleni ya feri. Tena angalia jambo hili: kwa sasa taa ya breki haivuti mkondo wake kamili kwa sababu ya ule waya uliokatika. Siku utakayouunga, balbu ile, ambayo kwa kawaida ni ya wati 21, itaanza kula haki yake, na ukiwa umesimama umeshikilia breki na umewasha indiketa, betri dhaifu itazidi kulemewa. Usije ukadhani kwamba matengenezo yameharibu kitu.

Hesabu kwanza vifuniko vilivyo juu ya betri, ikiwa ni ya kuongezwa maji. Vifuniko vitatu ni volti 6, vifuniko sita ni volti 12, kwa kuwa kila chumba hutoa volti 2. Nasema hivi kwa sababu CG125 ilianza kutengenezwa 1976, na za mwanzo zilikuwa za volti 6; ikiwa yako ni ya kizazi hicho, balbu na flasha za volti 12 zilizojaa madukani hazikuifaa tangu mwanzo. Tukichukulia kwamba ni ya volti 12, azima mita ya kupimia volti. Betri iliyolala usiku kucha bila kutumika inapaswa kusoma karibu 12.6, ikisoma 12.0 au chini, iko karibu na utupu. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda hata ukiongeza mafuta, ubovu uko kwenye kuchaji, na betri mpya itakufa vilevile. Maji yakiwa chini ya alama, ongeza maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, na usikubali kamwe ya kisima, kwa maana visima vyetu vingi vina chumvi, na hata ya mfereji hayafai.

Ukiwa bado umefungua taa, soma maandishi yaliyo kwenye shingo ya kila balbu. Baada ya kutoa na kurudisha kwenu, sitashangaa kukuta moja ya wati 10 na nyingine ya wati 21 kwenye upande mmoja. Zote nne ziwe sawa, na zilingane na wati zilizoandikwa kwenye flasha ya zamani.

Kile kichekesho cha LED si uchawi, nacho kinaelezeka. Pikipiki yako ina kitaa kimoja tu cha indiketa kwenye saa ya mwendo, kinachohudumia pande zote mbili, na kimeungwa katikati ya waya wa kushoto na waya wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme hupita ndani ya kitaa hicho na kutafuta ardhi kupitia balbu za kulia. Balbu za kawaida hazitikisiki na mkondo mdogo namna hiyo, lakini LED hutosheka na kidogo, kwa hiyo nayo huwaka. Ukitaka LED siku za usoni, na si wazo baya kwa betri iliyozeeka, kitaa hicho kitenganishwe kwa dayodi mbili, vile vidude vinavyopitisha umeme kuelekea upande mmoja tu, moja kutoka kila upande, na mguu wake wa pili upelekwe kwenye ardhi, pamoja na kutumia flasha ya elektroniki. Lakini usiweke LED juu ya waya wa ardhi uliooza, kwa sababu utakuwa umelificha donda kwa bendeji nzuri.

Mpaka hapo yote yatakapokuwa tayari, tembea mchana peke yake na utumie mkono, ukikumbuka kwamba mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta, kwa hiyo ukiunyoosha pikipiki hupunguza mwendo wenyewe. Onyesha mapema, urudishe mkono, ndipo uingie. Kugeuka kulia katika barabara zetu ni kukata mbele ya magari yanayokuja, na wewe kwa sasa huna ishara ya kulia wala ya kusimama. Na ukiosha pikipiki, oshea maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, ili kuondoa chumvi, ila usiwaruhusu vijana wa kuosha magari waelekeze bomba lenye nguvu kwenye swichi za usukanini na chini ya kiti.

Limebaki la mzee jirani yako, ambalo naona limekuelemea kuliko pesa. Usiende kwake na barua yangu mkononi, wala usimwambie kwamba umepata mtu ajuaye zaidi, kwa kuwa mzee huyo kwa miaka yote aliyoishi na pikipiki ya ami yako ameifanyia mema ambayo mimi sikuyaona, na injini isiyosumbua haikujitunza yenyewe. Alikosea flasha, na kila fundi amewahi kuikosea flasha. Nenda asubuhi ukiwa na ule waya wa mita moja na nusu mfukoni, uamkie shikamoo, umwambie kwamba umeingiwa na wasiwasi juu ya taa ya breki, kisha umwombe akae nyuma ya pikipiki aushike waya wewe ukikanyaga. Taa ikiwaka mbele ya macho yake, mwachie yeye aseme kwamba ni ardhi, na umpe yeye kazi ya kuunga waya mpya kwa malipo mtakayokubaliana.